Ndege iliondokaje pale Nyororo? Babu alituambia, tukamcheka

FundiKunduchi:

Wakuu, habari za jioni. Nina swali ambalo limenikaa kooni wiki mbili sasa. Nitaliandika kirefu, maana likifupishwa halieleweki.

Mimi ni fundi mashine za boti hapa Kunduchi, huu mwaka wa ishirini na mbili. Nimezaliwa Bweni, kaskazini kabisa mwa Mafia, jirani na mnara wa taa wa Ras Mkumbi, nikaletwa Dar nikiwa darasa la tatu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mvuvi wa dago. Kwa asiyejua, dago ni kambi. Wavuvi wanafunga nyavu, sufuria, mchele na madumu ya maji, wanahamia kisiwani wiki tatu au mwezi wakifuata bamvua, samaki wanakaushwa hukohuko, kisha wanarudi nyumbani. Babu alikuwa akipiga dago Nyororo, miaka mingi kabla kisiwa hakijatangazwa kuwa eneo tengefu.

Alikuwa na habari moja aliyoipokea kwa baba yake, naye baba yake alikuwa kijana wa kushika kasia wakati wa vita ya Mjerumani. Habari yenyewe ni hii: ndege ya Mngereza iliyokwenda kuitafuta Manowari na Bomba Tatu iliondokea Nyororo. Manowari tuliijua, kila mtoto wa Mafia na Rufiji anaijua, ile meli ya Kijerumani ya mabomba matatu ya moshi iliyojificha kwenye mikoko. Kwa hiyo hilo halikutushangaza. Kilichotushangaza ni alichoongeza. Alisema ndege ilikuwa ya mbao, na kila ikirudi ilikuwa inaanikwa juani.

Inaanikwa! Tulicheka hadi tukagaragara kwenye mkeka. Binamu yangu akamuuliza, "Babu, waliitia chumvi kwanza?" kama vile ni ng'onda. Babu hakukasirika. Aliinamisha kichwa akaendelea kushona wavu, na baada ya siku ile sikumbuki kama aliisimulia tena. Amefariki mwaka 2003.

Sasa wiki mbili zilizopita mteja wangu mmoja alikuwa na kibali cha kufika maeneo tengefu ya kule, akaniomba nifuatane naye kwa sababu mashine moja ilikuwa ikizima kila ikipata moto. Tukatia nanga Nyororo asubuhi, maji yakiwa yanatoka. Nilishuka nikakizunguka kisiwa kwa miguu kabla jua halijawa kali. Mchanga mweupe, vichaka katikati, njia za kaa kila mahali, mwamba unatokeza kadiri maji yanavyokupwa. Sikuona kisima. Sikuona nyumba. Nilikuta mafiga matatu meusi kwa moshi, nikakaa karibu nayo kitambo, ingawa najua si lazima yawe ya kina babu.

Na sikuona popote ambapo ndege ingeweza kukimbia ikapaa. Hakuna urefu huo. Mchanga wenyewe mguu unazama hadi kwenye kifundo.

Swali langu: kuna ukweli wowote, au babu alichanganya Nyororo na mahali pengine? Nauliza kwa dhati, na kama kuna mzee anayejua naomba anisaidie.

Kijana_Ilala:

Mkuu, nadhani babu alichanganya visiwa. Ndege za Waingereza zilikuwepo kweli, ila ziliondokea kisiwa kikuu cha Mafia, ambako walifyeka uwanja mwaka 1915. Hizo ndizo zilizoruka juu ya delta ya Rufiji tarehe 6 na 11 Julai 1915 zikiwaelekeza wapiga mizinga wa zile meli mbili fupi za Kiingereza, Severn na Mersey. Meli hizo hazikuwa zinaiona Königsberg, ndiyo hiyo Manowari ya babu, kwa sababu ya mikoko, zilikuwa zinapiga kwa kuambiwa kutoka angani "ongeza, punguza, kulia, kushoto." Tarehe 11 ndiyo ikaisha.

Kwa hiyo ndege ipo, Mafia ipo. Nyororo sijawahi kuisikia ikitajwa.

Mwl_Kanga:

Salaam aleikum. Fundi, babu yako hakuchanganya chochote. Kijana wa Ilala naye amesema kweli, ila ameanzia mwishoni mwa habari.

Mimi ni mtu wa Kanga, jirani zenu wa Bweni, nimefundisha historia miaka thelathini na moja na sasa nimestaafu, naishi Mbagala. Nimeisoma habari hii kwa muda mrefu kwa sababu iko mbele ya mlango wetu na watoto wetu hawafundishwi. Ngoja niipange.

Königsberg ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914, meli mpya machoni pa watu, mizinga kumi ya milimita 105, na mabomba matatu yaliyoipa jina la Kiswahili. Nahodha wake aliitwa Max Looff. Tarehe 31 Julai ikatoka bandarini, siku chache kabla vita haijatangazwa, ikaenda kuwinda meli za Waingereza hadi pwani ya Omani, ikaikamata moja iitwayo City of Winchester. Tabu yake ilikuwa makaa. Bandari ya Dar haikuwa kimbilio tena: Waingereza waliupiga mji mwanzoni mwa Agosti wakilenga mtambo wa simu ya upepo, na Wajerumani wenyewe walikizamisha chelezo chao kinachoelea kwenye mlango wa bandari ili adui asiingie. Kwa hiyo Septemba ikaingia Rufiji.

Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, ikatokea Unguja na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imesimamisha mashine ili zitengenezwe. Wakati wa kuondoka, mashine yake yenyewe ikavunjika. Fundi, hapa utanielewa kuliko wengine: ikarudi deltani ikijikongoja, vyuma vilivyoharibika vikafunguliwa, vikavutwa na watu kwa nchi kavu kupita pori hadi karakana ya hapa Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikavutwa tena kurudi. Watu waliovuta hawakuandikwa majina. Vilipokuwa tayari, njia ya kutokea ilikuwa imekwisha kuzibwa, kwa sababu tarehe 30 Oktoba manowari Chatham iligundua kwamba meli imo mle ndani.

Kujua kwamba imo ni jambo moja. Kujua ipo wapi hasa ni jambo jingine. Delta ya Rufiji ina milango mingi, Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni na mingineyo, na mikoko yake ni zaidi ya hekta 50,000. Wajerumani waliikata mikoko wakaifunga kwenye milingoti. Ukisimama juu ya mlingoti wa meli baharini unaona kijani tu. Tarehe 10 Novemba Waingereza wakaizamisha meli kuukuu ya makaa iitwayo Newbridge kwenye mlango mmoja wa delta ili kuuziba, lakini mlango mmoja kati ya mingi unaziba nini?

Ndipo wakakumbuka ndege. Durban, Afrika Kusini, kulikuwa na rubani wa kiraia aitwaye Dennis Cutler. Waingereza wakampa cheo, wakampakia na ndege yake kwenye Kinfauns Castle, meli ya abiria iliyokuwa imefungwa mizinga. Katikati ya Novemba 1914 meli hiyo ikatia nanga mbele ya kisiwa kidogo kisicho na watu. Vitabu vya Kiingereza vinakiandika Niororo. Ni Nyororo yenu.

Na jibu la swali lako ni hili. Ndege ile haikuhitaji uwanja. Ilikuwa aina ya Curtiss, na tumbo lake lilikuwa mashua. Mashua hasa, ya mbao, yenye mkuku na pua, mabawa mawili ya kitambaa yamepangwa moja juu ya jingine, na mashine ya nguvu-farasi 90 nyuma ya kichwa cha rubani. Ilikuwa inakimbia juu ya maji hadi inapaa, na ikirudi inatua juu ya maji. Uwanja wake ni ile bahari uliyotia nanga.

Nimefurahi sana kusoma maneno ya babu yako. Sikuwahi kuyakuta popote.

FundiKunduchi:

Shikamoo mwalimu. Nimesoma jibu lako nikiwa kibandani, nikaacha kazi mkononi.

Mashua! Basi sasa naomba niseme kitu kama fundi, maana nadhani nimeelewa kwa nini ilianikwa.

Chombo cha mbao nyembamba kikikaa majini kinakunywa maji. Si kuvuja, kunywa. Hata boti za plaiwudi tunazotengeneza hapa, rangi ikichubuka kidogo tu, mbao inalewa. Mwaka juzi nililetewa boti ya mita sita, mwenyewe analalamika kwamba mashine imekosa nguvu. Niliipima mashine, haina neno. Tukaipandisha mchangani kwa magogo, vijana wanane tuliozoea kupandisha boti ya ukubwa ule tukiwa watano. Nikatoboa tundu dogo kwa keekee chini ya sakafu, maji yakatoka kama chozi, tone baada ya tone, tangu adhuhuri hadi magharibi. Tuliigeuza tumbo juu, ikaanikwa siku tisa. Ilipokauka ikaruka juu ya mawimbi kama zamani, na mashine ni ileile.

Sasa hiyo ni boti ya kubeba samaki. Je, chombo kinachotakiwa kiache maji kabisa kiende angani, kwa farasi 90? Kila kilo ya maji kwenye mbao ni adui. Lazima ipandishwe ufukweni, igeuzwe au iegemezwe, ipigwe jua. Na Nyororo ina mchanga wenye mteremko mzuri upande ule tuliotia nanga, ungefaa kupandishia chombo.

Mtu aliyeona jambo lile kwa mbali kutoka kwenye ngalawa angesema nini zaidi ya "wanaianika"? Hilo ndilo neno lake. Hakuna jingine.

Mwalimu, ndege hiyo iliiona Manowari au haikuiona?

Mwl_Kanga:

Marahaba mwanangu. Iliiona, lakini si mara ya kwanza.

Mara ya kwanza Cutler alipotea. Aliruka kutoka Nyororo, hakufika alikokusudia, akatua karibu na Okuza, kisiwa kingine kisicho na watu, huko chini upande wa Songo Songo. Wenzake wakamtafuta kwa meli hadi wakamkuta. Ndege ilikuwa imeumia.

Na kuna jambo litakalokufurahisha wewe hasa. Rejeta yake ilishindwa na joto la pwani yetu. Hakukuwa na spea ya ndege popote Afrika Mashariki. Wakaenda Mombasa, wakapata rejeta ya gari la Ford, wakaileta Nyororo wakaifunga kwenye ndege. Kwa rejeta hiyo ya gari akapaa tena ndani ya Novemba hiyohiyo, akaingia juu ya delta, akaiona Königsberg ndani kabisa ya mto.

Aliporudi na habari hiyo wakubwa wake wakatia shaka. Nahodha wa Chatham, Drury-Lowe, hakuamini kwamba mto una kina cha kupitisha meli kubwa kiasi kile hadi mbali kiasi kile. Cutler alikuwa raia wa juzi tu, si mtu wa majini. Ikabidi nahodha wa Kinfauns Castle mwenyewe, Crampton, apande naye akaone kwa macho yake. Akaona. Ndipo wakakubali.

Nafikiri wangewauliza wavuvi wa delta wangeambiwa kina cha kila mlango bila ndege. Watu waliokuwa wakipitisha majahazi ya boriti mle tangu enzi za mababu walijua kila fungu lilipo.

BintiKisiju:

Samahani wazee wangu nachomeka neno. Mimi ni wa Kisiju, marehemu baba alikuwa na mashua ya kubeba nazi kati ya Mafia na Kisiju, nami nimevuka naye mara nyingi kabla sijaolewa huku Dar. Watu wengi wa mjini wanadhani Nyororo iko nyuma ya Mafia. Haiko huko.

Ukiwa Kisiju ukitazama baharini kusini mashariki, Nyororo iko njiani kabla hujafika ncha ya kaskazini ya Mafia. Jirani yake kwa kusini ni Shungimbili, halafu kusini zaidi, ukisogea upande wa bara, ni Mbarakuni. Vyote vitatu ni vidogo, vimekaa kwenye mlango wa kaskazini wa ule mlangobahari wa Mafia. Nyuma yako upande wa magharibi ndipo bara, na kusini magharibi ndipo inapoanza milango ya Rufiji. Kwa hiyo mtu aliyekaa Nyororo amekaa kama mlinzi kwenye ukumbi wa nyumba, yuko karibu na chumba lakini aliye chumbani hamwoni.

Baba hakupenda kupita pale usiku wakati wa maji mafu kuelekea bamvua, mkondo unabadilika haraka na mwamba umetanda mbali kuliko kisiwa chenyewe. Alituonyesha namna ya kuutambua mchana: maji yanageuka kutoka buluu kuwa rangi ya chupa, halafu rangi ya maziwa ya dafu. Ukifika kwenye dafu umechelewa.

Lakini nyuma ya mwamba huo maji yanatulia. Hilo naomba mlifikirie, kwa sababu ndege ya kukimbia juu ya maji haiwezi kukimbia penye wimbi. Na mwezi wa Novemba kusi limekwisha na kaskazi halijashika vizuri. Asubuhi kuna matlai tu, bahari imelala kama mafuta kwenye sinia. Adhuhuri upepo unaamka. Mimi ningekuwa rubani yule ningeondoka mapema sana. Na Novemba ni vuli, wingu linashuka bila kupiga hodi, kupotea hadi Okuza si ajabu kabisa.

Swali langu kwa mwalimu: kwa nini hawakukaa Mafia yenyewe, penye maji ya kunywa na kivuli?

Mwl_Kanga:

Swali zuri binti yangu. Kwa sababu Novemba 1914 Mafia ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Waingereza waliiteka Januari 1915. Baada ya hapo ndipo wakaweza kufyeka ule uwanja aliousema kijana wa Ilala.

Hata hivyo Nyororo haikuachwa mara moja. Februari 1915 zililetwa ndege mbili za aina ya Sopwith, za kutua majini pia, pamoja na kikosi cha marubani wa jeshi wakiongozwa na John Cull, na kituo chao cha kwanza kikawa hapohapo Nyororo. Walikata tamaa haraka. Joto lilifungua gundi ya mbao, na ndege hazikuweza kuondoka majini zikiwa na mtu wa pili na mabomu. Aprili wakaja na aina nyingine, Short, hizo ndizo zilizoipiga picha Königsberg kutoka juu. Juni wakaleta za magurudumu. Tarehe 11 Julai Cull mwenyewe aliangushwa mtoni pamoja na mwenzake Arnold, na Arnold aliendelea kutuma alama za kuelekeza mizinga huku ndege inashuka. Mersey ikawaokoa.

Mizinga kumi ya Königsberg ilitolewa kwenye maji ikavutwa hadi hapa Dar, ikatiwa magurudumu, ikaendelea na vita ya nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Nimeugusa kwa mkono wangu, chuma bado kizima. Waliouvuta hawana hata jiwe.

Kijana_Ilala:

Nimesoma yote. Fundi, naomba radhi kwa kusema babu alichanganya. Nilikuwa najua nusu nikadhani ni yote.

Naomba kuuliza, mtu akitaka kwenda kuona inawezekana?

FundiKunduchi:

Hakuna neno ndugu yangu, hata mimi mjukuu wake nilikuwa upande wako miaka yote.

Kwenda inawezekana kwa kibali cha hifadhi za bahari, si mahali pa kushuka tu. Tafuta boti yenye mashine mbili na nahodha wa Mafia au Kisiju, na mwende asubuhi. Usitegemee kuona mabaki. Hakuna nguzo, hakuna kibao, hakuna chuma. Ila ukisimama upande wa bara maji yakiwa yamejaa, utaona ukanda mrefu wa maji yaliyotulia kati ya ufukwe na mwamba. Nimeirudia picha niliyopiga kwa simu. Niliipiga kwa ajili ya boti, kumbe nyuma ya boti ndipo penyewe.

Mwalimu, ile habari ya rejeta imeninyima usingizi. Mashine ya mteja wangu, ile iliyotupeleka Nyororo, tatizo lake lilikuwa hilohilo, joto. Ni mashine ya ndani, dizeli, kibadilisha joto chake kimeliwa na chumvi, na kipya kinaagizwa nje kwa miezi miwili. Nilichofanya ni kumfungia rejeta ya pikapu niliyoinunua Gerezani, nikaiunga kwa mpira na bangili, nikaijaza maji baridi ya bomba, ikatufikisha na kuturudisha. Nilikuwa naona aibu kuisema kazi ile mbele ya mafundi wenzangu. Nikatia nanga nayo mahali palepale ambapo mtu alifungiwa rejeta ya Ford mwaka 1914, na mimi sijui lolote, natafuta uwanja wa ndege vichakani.

Jana usiku nimempigia shangazi Bweni. Ndiye mtoto wa mwisho wa babu aliyebaki. Nikamsomea majibu yenu taratibu, ya mwalimu na ya dada wa Kisiju. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Baba aliwaambia." Nikamwambia ndiyo shangazi, alituambia. Nikamwomba msamaha yeye, maana babu hayupo.

Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake. Aliuliza yule mwenye ndege, kijana wa watu aliyekuja na mashua yake ya kuruka, alirudi kwao salama?

Mwl_Kanga:

Mwambie shangazi yako ameuliza swali ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kuniuliza, wao huuliza meli.

Tarehe 10 Desemba 1914 Cutler alipaa tena kwenda deltani. Mashine ikamzimikia angani, akatua mtoni, ndani ya eneo la Wajerumani. Wenzake waliokuwa wanangoja nje ya mlango walipoona harudi, boti yao ikaingia mtoni kumtafuta huku inapigwa risasi kutoka mikokoni. Ndege waliikuta ufukweni. Yeye hayupo, ameshakamatwa. Wakaifunga kamba wakaivuta kurudi baharini bila mwenyewe.

Cutler alikuwa mfungwa wa vita kwa muda mrefu. Lakini hakufa Rufiji, na hakufia mikononi mwao.

FundiKunduchi:

Nimempigia saa hii. Amesema alhamdulillahi.

Naenda Bweni Ijumaa kwa boti ya Nyamisati, nakaa siku nne. Shangazi anasema kwenye darini kuna sanduku la babu lenye sindano za kushonea nyavu na vitu vyake vya dago, halijafunguliwa tangu msiba, tutalifungua pamoja. Binamu yangu, yule wa chumvi, yuko Kilindoni siku hizi. Nimemtumia majibu yote ya mwalimu. Amejibu kwamba atakuja naye Bweni, na ameuliza kaburi la babu limefyekwa lini mara ya mwisho.